Mwenyeji ni Mwalimu: Kanisa na Watu Waliolipokea Tanga

Mhadhara kwa wazee wa kanisa, makatekista, walimu wa shule ya Jumapili na vijana



Nimeombwa nizungumzie namna kanisa linavyoweza kuwaheshimu wenyeji wa nchi na kujifunza kutoka kwao. Mada hii imezungumzwa sana duniani katika kizazi chetu. Tarehe 6 Agosti 1993, Askofu Mkuu Michael Peers wa Kanisa la Anglikana la Canada aliwaomba radhi watu wa asili wa nchi ile kwa sababu ya shule za bweni zilizowatenga watoto wao na wazazi wao na lugha zao. Julai 2022, Papa Francis alikwenda Maskwacis, katika jimbo la Alberta, akaomba radhi kwa uovu waliotendewa watu hao na Wakristo. Machi 2023, Vatikani ikatangaza kuikataa ile nadharia ya kale iliyowapa wafalme wa Ulaya kisingizio cha kujitwalia ardhi za watu wasiobatizwa.

Tukisikia habari hizi tukiwa Korogwe, Muheza au Pangani, ni rahisi kujiambia kwamba ni za watu wa mbali. Hapa, tunasema, sote ni wenyeji. Msimamo wa serikali yetu tangu zamani ni huohuo: kila Mtanzania ni mwenyeji wa Tanzania. Msimamo huo una hekima yake, kwa kuwa umetuepusha na ugomvi wa makabila ulioziumiza nchi nyingine. Lakini Tanzania hiyohiyo, tarehe 13 Septemba 2007, ilipiga kura ya ndiyo Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili. Kwa hiyo tunaweza kuulinda umoja wetu na papo hapo tukakiri kwamba wako miongoni mwetu watu ambao maisha yao yamefungamana na ardhi fulani kwa namna ya pekee, na ambao sauti zao husikika kwa shida: Wahadzabe, Waakie, Wabarabaig, Wamaasai. Vilevile kila parokia na kila usharika una wenyeji wake, watu waliokuwapo kabla ya msalaba wa kwanza kusimikwa.

Ninalo neno moja tu la kuwaambia leo, na yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake. Kumheshimu mwenyeji ni kumkubali kuwa mwalimu wako. Na mwalimu ana haki zake. Ana haki ya kutajwa jina. Ana haki ya kumsahihisha mwanafunzi. Ana haki ya kunyamazia yale asiyotaka kuyafundisha. Na ana haki ya kuwa na mahali pake pa kuishi. Kanisa linaloimba nyimbo za wenyeji siku ya sikukuu huku likizikanyaga haki hizo nne halijaheshimu mtu.

Hobabu wa Midiani

Naanza na Maandiko, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10. Wana wa Israeli wanajiandaa kuondoka Sinai. Wanalo wingu la Mungu la kuwaongoza, nalo haliwezi kupotea njia. Hata hivyo Musa anamwendea Hobabu, mtu wa Midiani, ndugu wa mkewe, na kumsihi afuatane nao, kwa sababu Hobabu anajua mahali pa kupiga kambi jangwani na atakuwa macho yao. Hobabu anakataa, anataka kurudi kwao. Musa anamsihi tena, na kumwahidi kwamba wema wowote ambao Bwana atawatendea Waisraeli, na yeye atautendewa.

Tazameni mambo matatu hapo. La kwanza, Musa haoni kwamba kuongozwa na Mungu kunamwondolea haja ya kumuuliza mwenyeji. Aliye na wingu bado anahitaji mtu anayejua kisima kilipo. La pili, mwenyeji ana uhuru wa kukataa, na Maandiko hayamlaumu Hobabu kwa kukataa kwake. La tatu, Musa hataki kutumia ujuzi wa mtu bure. Anamwahidi fungu katika baraka. Na tukisoma Waamuzi sura ya 1, tunawakuta wazao wa mkwe wa Musa, Wakeni, wakikaa pamoja na wana wa Yuda. Ahadi haikuishia mdomoni.

Tulivyopokelewa

Sasa turudi kwetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda Usambara mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Aliingia katika nchi yenye mfalme, Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala akiwa Vuga na ambaye mamlaka yake yalishuka milima hadi kukaribia bahari. Krapf alipita kwa ruhusa, alilala katika nyumba za watu na kula chakula chao. Kimweri alifariki mwaka 1862, na ufalme ukaingia katika vita vya urithi. Katika miaka hiyo ya misukosuko ndipo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kutoka Unguja walipofika Magila, katika nchi ya Wabondei: Alington katika miaka ya 1860, na Farler mwaka 1875, ambaye alifuatana na watu waliokombolewa utumwani. Hao waliokombolewa walikuwa wamenyang'anywa kwao wenyewe, na sasa walikuwa wageni katika nchi ya wengine. Kwa upande wa Walutheri, Johanssen na Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891.

Tunayasimulia haya kila mwaka kwenye maadhimisho yetu, na majina ya wageni tunayajua kwa moyo. Lakini nani aliwaonyesha njia ya kupandia? Nani aliwaambia mto upi hukauka Januari? Nani aliwauzia mahindi mwaka wa njaa? Mwaka 1882, H. W. Woodward wa Magila alitoa kitabu cha kujifunzia Kibondei. Mwaka 1908, Agano Jipya likatoka kwa Kisambaa. Hakuna Mzungu aliyezaliwa akijua Kibondei wala Kisambaa. Kila neno katika vitabu hivyo lilitoka kinywani mwa mama, mzee au kijana aliyekaa kwa subira akirudia, akifafanua, akicheka kidogo na kuanza upya. Wale walikuwa walimu wa kanisa kabla ya kanisa kuwa na walimu.

Tuna methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kanisa limeipenda methali hii, na kweli hospitali na shule zake zimewaponya wengi. Lakini kwa mpangilio wa historia, aliyeponywa kwanza alikuwa mgeni. Alipewa maji, njia, lugha na kiwanja.

Haki ya kutajwa jina

Ninataka kuviweka mbele yenu vitabu viwili, vyote vilivyopitia mikononi mwa UMCA.

Cha kwanza kilitoka mwaka 1887. A. C. Madan aliwakusanya vijana wa shule ya Kiungani, Unguja, wengi wao waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, akawaomba waandike habari za kwao na za kutekwa kwao. Kisha akatafsiri maandishi yao kwa Kiingereza na kuyachapisha. Ni kitabu chenye thamani kubwa, kwa sababu mle ndani watoto wa Afrika wanasimulia kwa maneno yao wenyewe jinsi walivyokamatwa. Lakini jina linalosimama juu ya jalada ni la Madan. Walioumia na kusimulia wametajwa tu kwamba ni wavulana wa shule.

Cha pili ni Habari za Wakilindi. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi, alikuwa Mwislamu wa pwani aliyeishi karibu na watawala wa Usambara na kuwasikiliza wazee wao. Aliandika kwa Kiswahili habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Unguu na kuwa mtawala wa Wasambaa, na za watoto na wajukuu wake, hadi kufikia vita vya baada ya Kimweri na uasi wa Wabondei dhidi ya Wakilindi, yaani ukoo huo wa Mbega. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, misheni ya Magila ilikichapa kitabu hicho kwa sehemu. Mwaka 1962 kikatolewa upya chini ya uhariri wa J. W. T. Allen, na hadi leo hakuna anayeandika historia ya milima hii bila kukisoma.

Fikirini jambo hilo. Matbaa ya kanisa, mashine iliyoletwa kuchapa sala na Injili, ilitumika kuchapa historia ya watawala ambao hawakuwa Wakristo, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwa Mkristo, kwa jina lake mwenyewe na kwa lugha ambayo wajukuu wa wahusika wangeisoma. Hakutakiwa abatizwe kwanza ndipo asikilizwe. Hapo Magila kanisa lilionyesha kwamba linaweza. Katika miaka ya 1890 hapohapo Magila lilitoka gazeti la Habari za Mwezi, na mhariri wake, Samuel Sehoza, alikuwa Mbondei, mmoja wa Wabondei wa mwanzo kupewa upadri. Kwa hiyo tusiambiane kwamba jambo hili ni geni kwetu. Limo katika urithi wetu, ila tumeliacha.

Nenda leo katika makanisa yetu mengi utakuta bamba la marumaru lenye jina la mfadhili wa Ulaya aliyetoa bati. Mzee aliyetoa kiwanja hayumo. Tuanze hapo. Kila usharika uulize ukoo gani ulitoa ardhi hii, nani alikuwa mkalimani wa kwanza, mama gani alikuwa akiwapikia makatekista. Majina yakipatikana, yaandikwe ukutani kwa herufi zilezile zilizomwandika mfadhili.

Haki ya kusahihisha

Mwalimu akishasema, ana haki ya kuangalia daftari la mwanafunzi. Hapa ndipo kanisa lilipojikwaa zaidi, kwa sababu liliandika mengi kuhusu wenyeji na halikurudi kuwasomea lilichoandika.

Chukueni mfano wa mvua. Wamisionari wengi waliposikia kwamba Wasambaa wanamwendea mfalme awaletee mvua, waliandika kwamba ni ushirikina, wakafunga daftari. Mwanahistoria Steven Feierman alikaa Usambara akiwasikiliza wazee na wakulima, akaandika vitabu viwili, kimoja mwaka 1974 na kingine mwaka 1990. Alichofundishwa ni kwamba nyuma ya habari za mvua kuna fikra nzima kuhusu utawala. Wasambaa husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi inapona pale mamlaka yanapotulia na watu kuishi kwa amani. Inaharibika pale wenye nguvu wanaposhindana, nguvu kwa nguvu, na hapo njaa huingia. Kwa fikra hiyo, kiangazi ni suala la mbingu na ni suala la siasa pia. Mfalme mbaya anaulizwa kuhusu shamba lililokauka.

Mkristo anaweza kukataa kwamba mtu ana uwezo wa kuleta mvua. Lakini anaweza kuikataa hukumu iliyomo katika fundisho hilo? Manabii wa Israeli walisema jambo lililo karibu sana na hili: dhulma ya wakubwa huifanya nchi iomboleze. Mara ngapi tumeona ugomvi wa vyeo kanisani ukifunga zahanati, ukasimamisha shule na kuwagawa waumini wa kijiji kimoja? Mzee wa Kisambaa asiyejua kusoma angetuambia tunaibana shi, na angekuwa amesema kweli ya Mungu. Huko ndiko kujifunza. Mwalimu amekusahihisha, nawe umebadilika.

Kwa vitendo, haki hii ina utaratibu rahisi. Vijana wakienda kuwahoji wazee, wasiishie kurekodi. Waandike, warudi, wasome kwa sauti mbele ya mzee na jamaa zake, na palipokosewa pasahihishwe kabla nakala haijafika kwa mchungaji. Nakala ya kwanza ibaki kwa ukoo. Na kanisa litafute njia ya kurudisha nyumbani kumbukumbu zilizochukuliwa zamani. Barua na ripoti za UMCA zimehifadhiwa Oxford, na za misheni za Kijerumani ziko Ujerumani. Dayosisi zetu zina udugu na makanisa ya huko; wanatembelea kwetu, tunatembelea kwao. Badala ya kuomba bati kila mara, tuombe pia nakala za picha na barua zinazowataja babu zetu, ziwekwe mahali ambapo Mbondei wa Magila na Msambaa wa Mlalo watazisoma bila viza.

Haki ya kunyamaza

Haki ya tatu ndiyo ngumu zaidi kwa kanisa, kwa sababu kanisa limezoea kuuliza na kujibiwa.

Kule Masasi, tangu miaka ya 1910, padri Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliona kwamba kulipiga vita jando hakufai kitu. Akaamua kuwa na jando la Kikristo, lenye sala, usafi wa tohara na mafundisho ya kanisa kambini. Alisifiwa sana, na alistahili sifa kwa kukataa kuwadharau watu. Lakini jambo lilikuwa na upande wa pili. Kanisa liliposhika jando, lilishika pia maamuzi yake: kipi kibaki, kipi kiondoke, nani afundishe. Na upande wa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Mafundisho ya unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, nao hawakuwa tayari kuyakabidhi kwa mapadri. Mimi nawaheshimu wale bibi. Walijua kwamba kuna elimu ambayo mtu akiitoa kwa asiyestahili, imekwisha.

Sisi nasi tunazo sehemu za namna hiyo. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, yanajulikana kwa watalii. Lakini kwa miaka mingi watu wamekwenda humo kuomba na kutoa nadhiri. Vijiji vingi vya Uzigua na Ubondei vina vichaka ambavyo havikatwi kuni. Ng'ambo ya mpaka, misitu ya kaya ya Wamijikenda, wakiwemo ndugu zetu Wadigo, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na dunia ikakiri kwamba wazee wa kaya wameilinda misitu ile kwa miiko yao. Ni msitu gani umelindwa na azimio la halmashauri ya kanisa kwa muda mrefu kama huo?

Wengine mtaniuliza kama ninawaita Wakristo kwenye matambiko. Hapana. Dhamiri ya Mkristo ina mipaka yake, na mzee wa mila anaielewa mipaka hiyo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa yeye pia ana yake. Ninachowaomba ni adabu. Usiingie na simu ukipiga picha. Usiuchome moto mti wa watu kwa jina la Yesu, kama ilivyowahi kufanyika katika baadhi ya mikutano ya maombi. Usimtolee mzee maneno ya kejeli mimbarani, mbele ya wajukuu zake. Na akisema hili halisemwi, mshukuru, ondoka.

Hapa pia niseme neno kwa ajili ya majirani zetu Waislamu. Sehemu kubwa ya wenyeji wa pwani hii, Wadigo, Wasegeju na Wabondei wengi, ni Waislamu. Tukienda kujifunza kwao, twende kujifunza tu. Atakayetumia mazungumzo ya heshima kama mtego wa kumvuta mtu abadili dini ataifunga milango kwa wote watakaomfuata. Injili ina siku yake na mahali pake pa kuhubiriwa waziwazi. Barazani pa mzee, sisi ni wanafunzi.

Wachache miongoni mwetu

Katika mkoa huu wapo ambao hata sisi wenyeji tumewasahau. Milimani Usambara wapo Wambugu, wafugaji ambao lugha yao ya ndani, Kima'a, imewashangaza wataalamu. Maneno yake mengi yana asili ya Kikushi, na sarufi yake inafanana na ya Kipare. Mwanaisimu Maarten Mous aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Ni jambo la heshima kwamba profesa wa Uholanzi aliandika. Je, katika sharika za Lushoto wamo wanaojua kwamba jirani wanayekaa naye benchi moja ana lugha ya namna hiyo?

Kule Kilindi, na ng'ambo ya mpaka wa mkoa katika Kiteto, wapo Waakie, watu wa asali na uwindaji, wachache sana, wenye lugha iliyo na undugu na lugha za Wakalenjin wa Kenya. Wanaisimu Bernd Heine, Christa König na Karsten Legère wamefanya kazi ya kuirekodi kwa sababu iko hatarini kupotea. Pori likigeuzwa shamba na mizinga ikikosa miti ya kutundikwa, lugha inayotaja miti na nyuki nayo inakosa pa kutumika. Kanisa linalofika kwa Waakie likiwa na Kiswahili peke yake, likawabatiza na kuwapa majina ya Ulaya, linaweza kuharakisha kupotea kwao huku likiamini linawasaidia. Sala moja ya Bwana kwa Kiakie, iliyotafsiriwa na Waakie wenyewe wakitaka, ingewaambia watoto wao kwamba Mungu anawasikia katika lugha ya bibi zao.

Haki ya mahali pa kukaa

Nimeifikia haki ya nne, na bila hii zile tatu ni mapambo.

Nitoe mfano wa furaha kwanza. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walichukuliwa na wafanyabiashara hadi pwani ya Somalia na kuuzwa utumwani. Baadhi walitoroka wakaishi kando ya mto Juba, na kwa zaidi ya miaka 150 wakaendelea kuzungumza Kizigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, walikimbia, na baadhi yao wakaja Tanga, kwa sababu wazee wao walikuwa wamewaambia kwao ni wapi. Walipokelewa kambi ya Mkuyu, Handeni, baadaye wakapewa makazi Chogo, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Serikali yetu na watu wa Handeni walifanya jambo ambalo mataifa machache yameweza kulifanya: waliamini kumbukumbu ya mdomo, wakaipa ardhi.

Mfano wa pili ni mgumu, na hauna umri mkubwa. Tangu Juni 2022, kaya za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama ni kwa hiari, na imejenga nyumba na kugawa mashamba. Mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch katika ripoti ya mwaka 2024, yamesema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba wakazi waliokuwepo Msomera nao wana malalamiko ya ardhi. Tarehe 1 Desemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana Arusha na viongozi wa jamii ya Wamaasai, akaahidi kuunda tume mbili za kuyachunguza masuala ya ardhi na ya uhamaji.

Sikuja kuamua kesi hiyo hapa. Nimekuja kuuliza swali linalotuhusu sisi. Msomera iko katika mkoa wetu. Aliyehamia ni jirani yetu, na aliyekuwepo kabla yake ni jirani yetu. Je, kanisa la Tanga limekaa chini na makundi yote mawili, likasikiliza bila kamera na bila kapu la misaada mkononi? Kama hatujafanya hivyo, mwito wa kuwaheshimu watu wa asili umeishia mlangoni petu wenyewe.

Kanisa halina polisi wala mahakama, lakini lina watu wanaojua kusoma sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hakimiliki za kimila. Mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya pamoja kwa ardhi yao chini ya mfumo huo. Makatekista wetu wangeweza kuwafafanulia wafugaji, warina asali na wajane sheria hiyo, na kukaa nao katika mkutano mkuu wa kijiji. Vilevile tuichunguze ardhi yetu wenyewe. Makanisa ya mkoa huu yana viwanja na mashamba ya tangu enzi za ukoloni. Palipo na ukoo unaosema haukulipwa au haukuulizwa, tusisubiri uende mahakamani. Tuwaite, tusikilizane, turekebishe.

Tuanzie wapi

Siku ya 9 Agosti ndiyo Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili. Naomba sharika na parokia zetu ziichukue Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, lakini isiwe siku ya ngoma na kanga tu. Iwe siku ya kutoa hesabu. Kabla yake, kila kanisa liwe limefanya mambo manne: limetafuta na kuandika majina ya waliolipokea, limewasomea wazee kilichoandikwa kuwahusu na kupokea masahihisho yao, limekubaliana nao ni mambo gani yataachwa bila kuulizwa, na limemtembelea jirani mmoja ambaye ardhi yake iko mashakani. Siku hiyo wenyeji wenyewe, Wakristo na wasio Wakristo, wakiridhia, wasimame na kutuambia tumefaulu wapi na tumekosea wapi. Na vijana wa shule ya Jumapili wawe wa kwanza kuuliza maswali, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa hai wakati sisi na wazee wetu tumeondoka.

Mwaka ujao tutakapokutana hapa, nisiulizwe mimi. Aitwe bibi wa Kibondei, au mfugaji wa Msomera, au mrina asali wa Kilindi. Mimi nitaleta kalamu.